Mwongozo Kamili: Kuchora Mkato wa Sura ya Nchi na Miamba Kutoka Iringa hadi Kyela

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa jiografia wa Nyanda za Juu Kusini, ambao mwaka baada ya mwaka huleta kazi yenye kosa lilelile. Wanaandika kwa ufasaha kwamba miamba iko ya makundi matatu na wanataja mifano waliyoikariri, lakini ukiwauliza kilima kinachoonekana kupitia dirisha la darasa kimejengwa kwa mwamba gani, wanakisia. Wengine hupaka nchi yote kuanzia Mafinga hadi Kyela rangi moja ya volkano, kwa sababu tu udongo wake ni mwekundu.

Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Wanaanza na jina la jiwe, ilhali jina ndilo linalopaswa kuja mwisho, baada ya kuangalia umbo la nchi, mahali mwamba ulipo na sura ya jiwe lenyewe. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata utaratibu huo, na mwisho wake utakuwa na mchoro mmoja, yaani mkato, unaoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa kwa kisu kutoka Iringa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, pamoja na miamba iliyoko chini yake.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kutoka

- Ramani za kontua (yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) za skeli ya 1:50,000 za maeneo utakayotembelea, na ramani moja ya skeli ndogo inayoonyesha njia nzima.
- Karatasi za grafu za kutosha kuunganishwa hadi urefu wa sentimita 80, penseli ngumu, kifutio, rula na penseli za rangi sita.
- Nyundo nzito ya fundi mwashi, glavu, na miwani ya kinga. Miwani ya jua haitoshi, kwa sababu kipande cha jiwe kinaweza kuivunja na vigae vyake vikaingia jichoni.
- Kioo cha kukuzia, hata kile kidogo cha kusomea maandishi.
- Msumari wa chuma na kipande cha kioo kilichosagwa kingo.
- Asidi hafifu ya haidrokloriki kutoka maabara ya shule katika chupa ya kudondoshea, ikibebwa na mwalimu peke yake. Mkikosa asidi, siki ya dukani itafaa kwa namna nitakayoieleza. Maji ya betri msiyaguse: yanaunguza ngozi, na majibu yake juu ya jiwe si ya kuaminika.
- Mifuko midogo, kalamu ya wino usiofutika na daftari lenye jalada gumu.

Safari hii haihitaji kufanywa yote kwa siku moja, wala na kundi moja. Shule ya Iringa inaweza kufanya sehemu yake, ya Tukuyu ikafanya yake, kisha wakabadilishana matokeo. Miezi bora ni kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa kuwa mvua za ukanda huu huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kipindi hicho kuta za barabara zilizochimbwa huporomoka bila kutoa ishara.

## Hatua ya 1: Chora mstari wa ardhi kabla ya kushika jiwe lolote

Chukua ramani ya njia nzima na uweke mistari mitatu iliyonyooka: Iringa hadi Makambako, Makambako hadi Uyole, na Uyole hadi Kyela. Jumla yake ni karibu kilomita 380. Usifuate kona za barabara, kwa sababu barabara hukwepa milima, na mkato unaokwepa milima hauwezi kueleza milima.

Kwa skeli ya sentimita 1 kwa kilomita 5, mchoro wako utakuwa na urefu wa sentimita 76 hivi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kwa kutumia skeli hiyohiyo kwa mwinuko. Kwa skeli hiyo, mlima wenye urefu wa mita 2,000 huwa na milimita 4 tu kwenye karatasi, na Mlima Rungwe hugeuka kichuguu. Kwa hiyo tumia sentimita 1 kwa mita 250 upande wa wima, na uandike wazi chini ya mchoro kwamba mwinuko umekuzwa mara 20. Asiyeandika hivyo humfanya msomaji aamini kwamba kila mteremko wa Mbeya ni ukuta.

Soma mwinuko kwenye kontua kila kilomita 5, na kila kilomita 1 mahali ambapo kontua zimesongamana. Ili ujue kama hujapotea, linganisha na vipimo hivi vya kukadiria: mji wa Iringa uko karibu na mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mafinga karibu na mita 1,900, Usangu ni zaidi kidogo ya mita 1,000, Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na maji ya Ziwa Nyasa yako chini kabisa, takriban mita 475.

Mstari uliochorwa vizuri utapanda taratibu kutoka Iringa hadi Mufindi, utashuka kuelekea ukingo wa Usangu, utapanda tena kuelekea Uyole na safu ya Uporoto, kisha utaporomoka zaidi ya mita 1,500 kabla ya kufika Kyela. Ukiona mstari wako unafanana na mawimbi madogo yaliyolingana toka mwanzo hadi mwisho, rudi kwenye kontua, kwani umezikadiria badala ya kuzisoma.

## Hatua ya 2: Gawa mstari katika kanda kwa kufuata mahali mteremko unapobadilika

Mgawanyo wa kanda haufuati mipaka ya mikoa wala wilaya. Weka alama ndogo juu ya mstari kila mahali ambapo mteremko unabadilika ghafla, kutoka tambarare kuwa ukuta au kutoka mwinuko laini kuwa vilima vyenye vichwa vya mawe. Sababu ni kwamba badiliko la ghafla la umbo mara nyingi huashiria kwamba mwamba ulio chini umebadilika, au kwamba ardhi imepasuka na upande mmoja kushuka.

Katika mstari huu utapata kanda sita. Ya kwanza ni vilima vya mawe vya Iringa, ambako vichwa vya mwamba kama Gangilonga vimesimama juu ya ardhi iliyo tulivu. Ya pili ni nyanda zilizoviringika za Mufindi hadi Makambako, zenye mashamba ya chai na misitu ya misonobari, udongo mzito na mwamba uliofichika. Ya tatu ni tambarare ya Usangu, ambayo mstari wetu unaigusa ukingoni. Ya nne ni ngema, yaani ule ukuta mrefu unaopanda kutoka Usangu kuelekea Matamba na uwanda wa Kitulo. Aliyepanda kutoka Chimala kwa barabara ya Hamsini na Saba, yenye kona zilizoipa jina hilo, hahitaji kuelezwa ukuta ni nini. Ya tano ni milima ya volkano ya Ngozi, Rungwe na Kyejo. Ya sita ni tambarare ya Kyela.

Mbeya ina jambo la pekee ambalo mkato wako lazima ulionyeshe. Hapa ndipo matawi matatu ya Bonde la Ufa yanapokutana: moja linaelekea kaskazini-magharibi kwenye Ziwa Rukwa, moja linaelekea kusini-mashariki kwenye Ziwa Nyasa, na la tatu linaelekea kaskazini-mashariki kupitia Usangu. Volkano za Rungwe zimeota mahali hapo zilipo kwa sababu ganda la dunia limenyooshwa na kupasuka kwa pande tatu, na miamba iliyoyeyuka ikapata njia. Mwanafunzi anayelielewa jambo hili hahitaji tena kukariri kwa nini Mbeya ina volkano na Iringa haina.

## Hatua ya 3: Tafuta mwamba uliokaa mahali pake

Jiwe lililookotwa barabarani ni ushahidi wa lori, si wa nchi. Nimewahi kuletewa kipande kizuri cha basalti, yaani jiwe jeusi la volkano, kutoka Makambako, na mwanafunzi akaandika kwa kujiamini kwamba Makambako ni nchi ya volkano. Tulipokwenda kuangalia, tulikuta rundo la kokoto lililomwagwa na mafundi wa barabara. Mawe ya mtoni nayo yana tatizo hilohilo, kwani Mto Kiwira unaweza kubeba jiwe kutoka kwenye miteremko ya Rungwe na kulilaza Kyela, ambako hakuna mlima.

Unachotafuta ni mwamba mama, yaani mwamba ambao bado umeungana na ardhi iliyo chini yake. Utaupata kwenye kuta za barabara zilizochongwa, kwenye machimbo ya kokoto, kwenye maporomoko ya maji na juu ya vilima vitupu. Njia ya kuuhakikisha ni rahisi: sukuma kwa mguu, angalia kama mipasuko yake inaendelea ndani ya ardhi, na tafuta jiwe la aina hiyohiyo hatua ishirini kulia na kushoto. Likikosekana pande zote mbili, ulichokipata kimeletwa.

Watu wanaopasua kokoto kwa mikono ni walimu wazuri katika hatua hii. Waamkie, jieleze, uliza ni upande gani wa machimbo una jiwe gumu na upande gani una jiwe lililooza. Wao hawatumii majina ya vitabuni, lakini wanajua kwa mikono yao mahali mwamba unapobadilika, na mara nyingi watakuonyesha mpaka ambao wewe ungeupita.

Kabla ya kupiga nyundo, omba ruhusa kwa mwenye eneo na kwa uongozi wa kijiji au mtaa. Sehemu nyingine nyundo hairuhusiwi kabisa. Isimila, karibu na Iringa, ni eneo la mambo ya kale lenye zana za mawe za binadamu wa zamani sana. Kuokota hata kipande kimoja ni kuharibu kumbukumbu isiyorudishika. Vivyo hivyo Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, hifadhi ya msitu ya Mlima Rungwe, na Kimondo cha Mbozi. Katika maeneo hayo piga picha, chora, andika, na uondoke.

Kuna tahadhari nyingine tatu za usalama. Barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya ina malori mengi, kwa hiyo kundi lisimame upande mmoja tu, mbali na kona, na mtu mmoja awe mlinzi asiyefanya kazi nyingine. Usisimame chini ya ukuta unaoning'inia, wala watu wawili wasipige nyundo wakiwa wamekaribiana. Na upande wa Rungwe, hasa karibu na Kyejo, zipo sehemu ambako gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini; gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hujikusanya kwenye mashimo. Ukiona ndege au wadudu waliokufa ndani ya bonde dogo, usishuke humo kwa sababu yoyote ile.

## Hatua ya 4: Vunja jiwe, usome uso mpya

Uso wa nje wa jiwe hudanganya. Mvua, jua na kuvu huubadilisha rangi, na graniti iliyo nyeupe kwa ndani huonekana nyeusi kwa nje kama makaa. Piga pembeni mwa mwamba hadi upate kipande chenye uso mbichi ulio sawa na kiganja, kisha usifanye chochote kwa dakika mbili isipokuwa kukitazama kwa kioo cha kukuzia. Andika unachokiona, wala usiandike jina.

Kuna maswali manne, na utaratibu wake usiuvunje.

Chembe zinaonekana kwa macho? Mwamba ulioganda polepole ndani ya ardhi hupata muda wa kukuza chembe kubwa. Ule uliomwagika juu na kupoa haraka hubaki na chembe ndogo mno. Graniti ya Iringa ni ya aina ya kwanza. Utaona kwatsi inayong'aa kama kioo chenye ukungu, feldispa nyeupe au ya waridi yenye nyuso bapa, na vipande vyeusi vya ulanga vinavyometameta ukigeuza jiwe juani. Basalti ya Rungwe ni ya aina ya pili: nyeusi au ya kijivu cha kuiva, nzito mkononi, chembe zake hazionekani kirahisi, na mara nyingi ina vitundu vilivyoachwa na mapovu ya gesi.

Chembe zimejipanga, au zimetawanyika? Swali hili ndilo linalotenganisha graniti na naisi, na wanaolishindwa ni wengi kuliko wote. Miamba hiyo miwili inaweza kuwa na madini yaleyale. Tofauti ni kwamba naisi imepitia joto na mgandamizo mkubwa chini ya milima ya kale, hata madini yake meusi na meupe yakalazimika kujipanga katika mistari. Zungusha kipande chako pande zote: kama kila upande unafanana na mwingine, una graniti, kama upande mmoja unaonyesha mistari na mwingine unaonyesha madoa, una naisi. Usiamue kwa kutazama upande mmoja. Naisi ya Ukanda wa Ubendi, inayopita Mbeya, ina umri wa takriban miaka milioni 2,000, na imekunjwa kiasi kwamba mistari yake huweza kupinda kama kamba ya ukindu.

Msichanganye mistari ya naisi na matabaka ya mashapo. Tabaka hutokana na mchanga au tope lililotua juu ya jingine, hivyo ukilikwangua jiwe la mchanga punje hutoka mkononi, na tabaka moja hutofautiana na jingine kwa ukubwa wa punje. Mistari ya naisi imeshikana kabisa, na jiwe huvunjika kwa kuyapitia madini yote.

Ni gumu kiasi gani? Jaribu kuchora jiwe kwa msumari. Mawe ya chokaa yatachorwa bila shida. Kwatsi haitachorwa, badala yake utaona mstari wa kijivu ambao ni chuma cha msumari kilichobaki juu yake, na mstari huo hufutika kwa kidole. Futa kila mara kabla ya kuandika matokeo. Kwatsi pia huchora kioo. Ndiyo ile inayoonekana kama mishipa meupe ndani ya miamba ya Lupa, Chunya, ambamo wachimbaji huifuata kutafuta dhahabu. Ukifika huko, kumbuka kwamba kila mshipa una mwenye leseni.

Linatoa povu? Dondosha tone moja la asidi. Kwa siki, kwanza kwangua jiwe upate unga, kisha weka siki juu ya unga na usogeze sikio. Povu lake ni dogo na sauti yake ni ya kuchemka kwa mbali. Povu huonyesha kwamba jiwe lina kalsiamu kaboneti.

Hapa naomba msomaji atulie, maana bonde la Songwe lina mtego ambao vitabu vya shule havimwandai mtu kuuepuka. Wanafunzi hufundishwa kwamba jiwe linalotoa povu ni chokaa, na kwamba chokaa ni mwamba wa tabaka. Magharibi mwa Mbeya kuna mawe mawili yanayotoa povu ndani ya mwendo mfupi, na asili zake ni tofauti kabisa. La kwanza ni chokaa iliyoachwa na chemchemi za maji moto za Songwe: maji hupanda yakiwa yamebeba kalsiamu, hupoteza gesi yanapofika juu, na chokaa hujijenga tabaka kwa tabaka. Chokaa ya bonde hilo ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji cha Mbeya. La pili ni kabonatiti ya Kilima cha Panda, ambayo ni mwamba moto halisi, ulioganda kutoka kwenye miamba iliyoyeyuka yenye kaboneti nyingi. Ni ndugu wa lava inayotoka Oldoinyo Lengai kule kaskazini, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo katika zama zetu.

Utazitofautishaje? Kwa umbo la nchi kwanza, kama tulivyokubaliana. Chokaa ya chemchemi hulala bondeni kando ya maji, ina vitundu vingi, matabaka yake hufuata mteremko, na wakati mwingine huhifadhi alama za majani na vijiti. Kabonatiti imesimama kama kilima kilichojitokeza katikati ya naisi, chembe zake zimeshikana kama za marumaru, na ndani yake mna madoa meusi ya madini mengine. Kilima cha Panda kinafahamika kwa madini ya niobiamu, ambayo huwezi kuyategemea katika chokaa ya chemchemi. Na chemchemi zenyewe zitazame kwa umbali, kwa kuwa maji yake yanaunguza na ukingo wake huweza kuwa mwembamba.

Kipo kipimo kimoja ambacho watoto hukipenda, na ni sahihi: pamisi huelea. Katika kuta za barabara na mashimo ya taka ya Mbeya na Rungwe utaona tabaka za vijiwe vyepesi vya rangi ya krimu au njano hafifu, vile ambavyo watu husugulia miguu. Vilirushwa angani na milipuko mikubwa, vikatua kama mvua. Vitupie kwenye ndoo ya maji na utaviona vikielea kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake.

Ukimaliza hatua hii, kila mfuko wako uwe na namba, mahali, majibu manne, na ndipo sasa jina. Kazi imefanikiwa ikiwa mwenzako aliyebaki nyumbani anaweza kusoma majibu yako, bila kuliona jiwe, akafikia jina lilelile.

## Hatua ya 5: Andika sentensi ya "kwa sababu" kwa kila kanda

Orodha ya mawe haielezi nchi. Kwa kila kanda andika sentensi moja inayounganisha umbo na mwamba, nawe usisogee kwenye kanda inayofuata kabla ya kuikamilisha.

Kwa Iringa, mfano wake ni huu: vilima vina vichwa vya mviringo kwa sababu graniti haina matabaka, hupasuka kwa mipasuko inayokutana, maji hupenya humo na kula pembe kwanza, na magamba ya nje hubanduka kama maganda ya kitunguu. Mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima hivyo hayakuviringishwa na mtu wala mafuriko. Yaliundwa papo hapo, na udongo uliokuwa umeyazunguka ukachukuliwa na mvua. Nguzo za Isimila nazo zinatoa fundisho tofauti, kwa sababu zimechongwa na maji katika mchanga na tope vilivyotuama zamani. Umbo lake ni refu na jembamba kwa kuwa tabaka la juu lililo gumu kidogo hulinda lililo laini chini yake.

Kwa Mufindi, elezeni udongo mwekundu. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichopata kutu baada ya mwamba kuoza kwa muda mrefu katika nchi yenye mvua. Graniti na naisi zina chuma cha kutosha kufanya hivyo, na basalti pia. Kwa hiyo udongo mwekundu hauthibitishi volkano, na yeyote anayetaka kusema volkano aonyeshe basalti, jivu au pamisi.

Usangu na Kyela ni tambarare kwa sababu moja: yote ni mabonde yaliyoshuka kwa mipasuko ya Bonde la Ufa na kujazwa na mashapo ya mito. Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani na Chimala huijaza Usangu. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huijaza Kyela. Mashapo laini, maji yanayokawia na ardhi iliyo sawa ndiyo yaliyozipa sehemu zote mbili mpunga wake. Ukisimama Matema na kutazama Milima ya Livingstone inavyoinuka moja kwa moja kutoka majini, unautazama ukuta wenyewe wa mpasuko.

Rungwe ndiko sura ya nchi inakobadilika kila baada ya kilomita chache. Mlima wenyewe una karibu mita 2,960. Ngozi ni shimo kubwa lililobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka ndani, likajaa maji. Ziwa la Masoko, kusini mwa Tukuyu, ni kasoko, yaani shimo la volkano, iliyofumuliwa na mlipuko pale miamba ya moto ilipokutana na maji ya ardhini. Ndiyo maana halina mlima mrefu wa kulizunguka. Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira ni lava iliyoganda, ambayo mto uliitoboa chini ukaiacha juu. Maumbo haya matatu yasiandikwe kwa jina moja la "volkano", kwa kuwa kila moja lina njia yake.

Kusini-magharibi mwa Rungwe, upande wa Ileje, kuna miamba tabaka ya kale yenye makaa ya mawe ya Kiwira. Iko nje ya mstari wetu, lakini inafaa kutajwa pembeni mwa mchoro, kwani inathibitisha kwamba bonde hili liliwahi kupokea vinamasi na misitu iliyofukiwa muda mrefu kabla ya Rungwe kuzaliwa. Vilevile miamba ya mchanga mwekundu ya Bonde la Rukwa, katika eneo la Songwe, imetoa mifupa ya dinosaria. Mmoja wao, aliyetangazwa mwaka 2017, amepewa jina la kisayansi *Shingopana songwensis*. Mwanafunzi wa Vwawa anaposoma jina hilo, anasoma Kiswahili chake na mahali pake, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuvitazama vilima hivyo kwa heshima.

Kimondo cha Mbozi kisiwekwe kwenye mkato kama mwamba wa nchi. Ni chuma kilichotoka angani, na kukipaka rangi ya mwamba moto ni kosa nililoliona mara nyingi mno.

## Hatua ya 6: Jaza miamba chini ya mstari

Rudi kwenye grafu. Paka rangi kila kanda chini ya mstari wa ardhi, ukianza na mwamba wa kale kuliko yote, kwa sababu wengine wote wamelala juu yake au wamepenya ndani yake. Naisi na graniti zipite chini ya mchoro mzima, tangu Iringa hadi Kyela. Huu ndio ukweli unaokosekana katika michoro mingi: volkano ya Rungwe na mashapo ya Usangu ni mablanketi yaliyotandikwa juu ya kitanda kilekile cha kale.

Mashapo ya Usangu na Kyela yachorwe kama kijazo cha bakuli, yakiwa mazito katikati na membamba kingoni. Lava na jivu la Rungwe zifuate miteremko, wala zisiwe na mstari ulionyooka chini. Mipasuko ichorwe kwa mistari mizito iliyoinama, yenye mishale miwili inayoonyesha upande ulioshuka.

Mahali ulipoona mwamba kwa macho, chora mpaka kwa mstari kamili. Mahali ulipokadiria, tumia nukta. Wengi huona aibu kuweka nukta wakidhani zitawapunguzia alama. Kwangu mchoro usio na nukta hata moja katika kilomita 380 ndio unaonitia shaka, kwa sababu hakuna aliyechimba njia hiyo yote.

## Hatua ya 7: Pima kazi yako kabla ya kuikabidhi

Mpe mchoro mtu ambaye hakwenda safari, kisha muulize maswali matatu bila kumsaidia: kwa nini Usangu iko chini, kwa nini Rungwe iko juu, na kwa nini vilima vya Iringa vina mawe matupu. Majibu yapatikane kwenye mchoro na ufunguo wake pekee. Swali atakalolishindwa linakuonyesha hatua ya kurudia: la kwanza likimshinda, mipasuko yako haionekani vizuri, la pili likimshinda, hukutenganisha volkano na kitanda cha kale, la tatu likimshinda, sentensi yako ya "kwa sababu" ya Iringa haijaandikwa karibu na kanda yake.

Mwisho kagua kama mchoro una kichwa, mwelekeo wa kila sehemu ya mstari, skeli zote mbili, ufunguo wa rangi na tarehe za kutembelea. Vipande vya mawe visitupwe. Vipangeni kwenye rafu ya darasa kwa mfuatano uleule wa mkato, Iringa upande mmoja na Kyela upande mwingine, kila kimoja na namba yake, ili kundi la mwaka ujao lianze kwa kubishana na majibu yenu huku limeshika jiwe mkononi.